Mbwa Mwoga na Malezi Yake

Mbwa amekaa na wanadamu muda mrefu kuliko mnyama mwingine yeyote wa kufugwa. Kabla ng'ombe, mbuzi na kuku hawajafugwa, mbwa alikuwa amekwisha kulala kando ya moto wa wawindaji. Hata leo hulinda nyumba usiku, hufuatana na wachungaji malishoni, na hufukuza nyani mashambani. Kwa kazi hiyo yote hatoi hesabu wala hadai mshahara. Ampasa bwana wake kumlipa kwa malezi mema.

Watu wakimwona mbwa anayebweka na kuonyesha meno husema, "Mbwa huyu ni mkali." Mara nyingi mbwa huyo si mkali, bali ni mwoga. Yu kama mtu aliyebanwa pembeni na adui: akiona hana njia ya kukimbia, hupigana. Basi ajuaye kumtuliza mbwa mwoga humpumzisha mnyama, tena huwakinga watu wasiumwe.

1. Asili ya woga

Mtoto wa mbwa huzaliwa macho yamefumba, nayo hufunguka apatapo majuma mawili hivi. Tangu juma la 3 mpaka juma la 12 au 14 hujifunza upesi mambo ya dunia. Akishikwa kwa upole siku hizo na wazee kwa watoto, akisikia mchi ukitwanga na pikipiki ikipita, huyahesabu mambo hayo kuwa ya kawaida. Lakini akifungiwa bandani peke yake, kila kitu kigeni humtisha atakapokuwa mkubwa. Ndiyo maana ya methali, Samaki mkunje angali mbichi.

Wako mbwa waliorithi woga kwa wazazi wao. Wako na wengine waliotiwa woga na watu, kwa kupigwa mawe njiani, au kwa kufungwa mnyororo mfupi mchana kutwa.

2. Dalili zake

Mbwa hana maneno, lakini mwili wake husema. Mbwa mwenye hofu hufyata mkia, huyalaza masikio nyuma, na hujikunyata. Pengine hulamba midomo ingawa hapana chakula, hupiga miayo ingawa hana usingizi, au hutweta ingawa hapana jua kali. Hugeuza uso, na weupe wa macho yake huonekana pembeni. Asiposikilizwa, hunguruma, na akizidi kusogelewa, huuma.

Kunguruma ni onyo. Mtu ampigaye mbwa kwa sababu amenguruma humfundisha kunyamaza, lakini hofu hubaki ndani. Siku nyingine mbwa huyo huuma bila kuonya.

3. Kuuangalia mwili kwanza

Kabla ya kumfundisha mbwa mwoga, yafaa kuuchunguza mwili wake, kwani maumivu huleta hofu na hasira. Huenda ana kidonda sikioni, au jino bovu, au mwiba katika wayo. Kupe humnyonya damu na kumtia homa. Viroboto humnyima usingizi. Hao waondolewe kwa dawa aliyoagiza daktari wa mifugo. Joto la mwili wa mbwa mzima ni digrii 38 hadi 39, juu kidogo kuliko la mwanadamu. Kwa hiyo akishikwa akaonekana wa moto, isidhaniwe mara moja kwamba ana homa.

Apewe na dawa ya minyoo, kwa sababu minyoo yake yaweza kuwaingia watoto wanaochezea udongo. Wala asipewe matumbo na maini mabichi ya machinjioni. Humo hukaa vifuko vya tegu mdogo sana. Mbwa akivila, tegu hukua tumboni mwake, na mayai yake yakimwingia mtu humtia uvimbe katika ini au mapafu. Maradhi hayo yamewatesa watu wengi huko Turkana, kaskazini ya Kenya. Kwa hiyo kila amshikaye mbwa anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

4. Jinsi ya kumfundisha

Mtaalamu mmoja wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904, aliwachunguza mbwa kwa miaka mingi. Aliona ya kuwa mbwa aliyezoea kusikia sauti fulani kabla ya kulishwa, mwisho hutokwa na mate asikiapo sauti ile tu, hata chakula kisipokuwapo. Mwili wake umeyafunga mambo mawili pamoja. Vivyo hivyo mbwa aliyepigwa hutetemeka aonapo fimbo, hata isipoinuliwa. Lakini fundo lililofungwa hivyo laweza kufunguliwa kwa njia ile ile: kitu kinachomtisha kiletwe kidogo kidogo, tena kifuatane na jambo jema.

Mfano wake ni huu. Mtoto mmoja alipewa mbwa na mjomba wake, jina lake Simba. Simba hakukubali kuguswa. Siku hizo ilitangazwa kwamba baada ya miezi miwili bwana mifugo atafika chini ya mwembe wa kijiji kuchanja mbwa wote, wasipatwe na kichaa. Mtoto akataka kumzoeza Simba kamba. Akamtupia shingoni, akamvuta kwa nguvu. Simba akapiga kelele, akageuka, akararua kanzu ya mtoto, akakimbilia chini ya ghala.

Mtoto akaenda kwa babu yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona kanzu imeraruka?"

"Ni Simba, babu. Mbwa huyu hafai. Nipe fimbo nimtie adabu."

Babu akamwuliza, "Simba anaogopa nini?"

"Anaogopa kamba, na mikono yangu."

"Na ukimpiga, ataogopa nini?"

Mtoto akafikiri, akajibu, "Ataogopa kamba, na mikono yangu, na fimbo."

"Basi umejijibu mwenyewe. Kachukue dagaa wachache, uje tukae naye."

Tangu siku hiyo, kila jioni, mtoto aliketi mbali na ghala, ubavu ameuelekeza kwa Simba, wala hakumkazia macho. Babu aliketi karibu akiangalia. Mtoto alitupa dagaa mmoja, akangoja. Akatupa wa pili karibu zaidi, akangoja. Juma la kwanza Simba alitoka chini ya ghala. Juma la pili alikula dagaa mkononi. Ndipo kamba ikawekwa chini kando ya chakula, bila kufungwa. Kisha ikalazwa mgongoni mwake kwa kitambo kidogo. Mwisho ikafungwa shingoni, naye akala huku amefungwa, asijue kwamba ameshinda.

Siku moja, walipokuwa wakitembea, pikipiki ilipita kwa kishindo. Simba akaponyoka, na kesho yake akakataa kamba tena. Mtoto akataka kulia. Babu akamwambia, "Aliyejikwaa hakupotea njia. Rudini nyuma hatua mbili." Wakarudi kulisha dagaa kando ya kamba, na baada ya siku nne Simba akatoka tena. Jioni nyingine wakampeleka mpaka kwenye mwembe, wakati ambapo hapakuwa na mtu, akale dagaa wake hapo.

Siku ya chanjo ilipofika, mbwa walikuwa wengi na kelele nyingi. Mtoto alisimama mbali na Simba mpaka wengine wakapungua. Bwana mifugo akaja polepole kwa ubavu. Mtoto akamshika Simba na kumsemesha kwa sauti ndogo, sindano ikaingia na kutoka. Simba akapewa dagaa watatu, na mtoto akapewa cheti. Jirani yao alikuwa na mbwa mkubwa ambaye hakuna aliyeweza kumshika. Mbwa huyo alirudi nyumbani bila chanjo, ingawa dawa ilikuwapo na haikuhitaji fedha.

5. Mambo ya kila siku

Mbwa mwoga hutulia akijua litakalofuata. Kwa hiyo yafaa ale saa zile zile kila siku, na maji safi yawepo daima. Ugali peke yake haumtoshi. Uchanganywe na dagaa, nyama au mayai. Mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha, nayo yaweza kumtoboa matumbo. Chokoleti na zabibu ni sumu kwake, na vitunguu humdhuru.

Apewe mahali pake pa kulala, pakavu na pa kimya, wala mtu asimfuate akiingia humo. Kila siku atembezwe na kucheza, kwani mwili uliochoka vema hulala vema. Ngurumo za radi zikimtisha, aachwe ajifiche apendapo. Si kosa kukaa naye na kumpapasa, ikiwa mwenyewe amekuja. Kumtuliza hakumzidishii hofu. Adhabu ndiyo imzidishiayo.

Watoto nao wana sheria zao. Wasimguse mbwa alapo, alalapo, wala anyonyeshapo. Wakikutana na mbwa wasiyemjua, wasikimbie wala kumkazia macho. Wasimame kimya, mikono imeshuka, mpaka aende zake.

6. Kichaa cha mbwa

Woga si kichaa, lakini yapasa kuvipambanua. Mbwa mwoga huogopa vitu fulani, na hofu yake hujulikana nyumbani. Mbwa aliyepatwa na kichaa hubadilika ghafula: mpole huwa mkali, au mkali hujilegeza na kusogelea watu; huuma miti na mawe, sauti yake hubadilika, udenda humtoka, na hushindwa kumeza. Mbwa wa namna hiyo asisogelewe. Wazee waitwe upesi.

Mtu akiumwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile kwa sindano. Asingoje kuona kama ataugua, kwani ugonjwa ukikwisha kuonekana, karibu wote hufa. Mwaka 1885, huko Ufaransa, Louis Pasteur alimtibu Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Mtoto yule alipona, na tangu hapo chanjo imewaokoa watu wengi mno.

Hata hivyo, karibu watu wote wafao kwa kichaa wameambukizwa na mbwa, na watoto ni wengi miongoni mwao. Wataalamu wameona kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kila mbwa asiyeshikika hupunguza hesabu hiyo. Kwa hiyo mtoto anayeketi jioni na dagaa mkononi, akimngoja mbwa wake atoke chini ya ghala, hafanyi mchezo. Anamlinda mbwa, na nyumba yake, na watoto wa jirani asiowajua. Haba na haba hujaza kibaba.

Maswali

1. Kwa nini si vema kumpiga mbwa anayenguruma?
2. Taja dalili nne za mbwa mwenye hofu.
3. Pavlov aliona nini juu ya mbwa, nalo lasaidiaje kumfundisha mbwa mwoga?
4. Pikipiki ilipomtisha Simba, babu alitoa shauri gani? Eleza kwa nini lilifaa.
5. Mbwa wa jirani alikosa chanjo kwa sababu gani? Hasara hiyo ni ya nani?
6. Mtu akiumwa na mbwa, afanye nini kwanza, na afanye nini baadaye?