Kizunguzungu cha Kusimama kwa Wagonjwa wa Lupasi na Baridi Yabisi

Mgonjwa wa lupasi au baridi yabisi anaposema kuwa huona giza kila ainukapo kitandani, mara nyingi huambiwa kwamba huo ni uchovu wa ugonjwa. Jibu hilo huweza kuficha tatizo linalopimika, yaani hitilafu ya neva zinazojiendesha.

Neva hizo huongoza kazi zisizotegemea hiari ya mtu: mapigo ya moyo, shinikizo la damu, jasho, usagaji wa chakula na kibofu. Mtu anaposimama, damu huelekea miguuni. Neva hizo hubana mishipa na kuharakisha moyo, hata ubongo usikose damu. Katika magonjwa ambayo kinga hushambulia mwili wenyewe, neva hizo huweza kujeruhiwa.

Kipimo chake hakihitaji mashine kubwa. Mgonjwa alale chali kwa dakika 5, kisha apimwe shinikizo na mapigo. Asimame, apimwe tena baada ya dakika 1 na dakika 3, huku mhudumu akiwa karibu naye. Shinikizo la juu likishuka kwa milimita 20 za zebaki au zaidi, au la chini kwa 10 au zaidi, kuna kasoro. Mapigo yasipoongezeka ipasavyo wakati shinikizo linashuka, neva hushukiwa. Yakipanda sana, yatafutwe kwanza upungufu wa maji, upungufu wa damu au kuvuja damu.

Dawa nazo zichunguzwe. Zile za kushusha shinikizo huweza kuleta hali hiyo. Aidha, mgonjwa aliyetumia prednisoloni kwa muda mrefu akaiacha ghafla, huweza kushukiwa na shinikizo kiasi cha kuhatarisha maisha. Dawa hiyo isiachwe bila maelekezo ya daktari.

Nyumbani, mgonjwa aketi kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama, na aepuke kusimama kwa muda mrefu juani. Asiongeze chumvi bila ushauri, kwani lupasi huweza kudhuru figo.

Anayezimia, anayeumwa kifua, au ambaye miguu yake inalegea na ulegevu unapanda juu, afikishwe hospitali mara moja. Kwa wengine wote, hatua ya kwanza ni kupimwa akiwa amelala, kisha akiwa amesimama.