Njia za Shamba Jipya

Wapendwa wanandoa, mmepata shamba huko Waa. Kabla baba hajashika panga, litembeeni pamoja, kutoka bikoni hadi bikoni. Vaeni viatu vigumu, kwani mawe ya matumbawe yana makali na vichaka vina nyoka.

Baba huwaza njia ya kutokea barabara ya Likoni. Mama huwaza ya kisimani, naye ndiye mbeba ndoo. Anzeni na ya kisimani.

Mkikuta kinjia cha zamani, waulizeni majirani Wadigo. Huenda chaelekea makaburini, msikifunge. Mkipakana na Kaya Waa, msitu mtakatifu wa mababu, msikate hata fito.

Zungumzeni leo jioni: ni njia gani mmoja wenu amejikatia bila shauri la mwenzake?