Hisopo Dukani: Mwongozo kwa Wauza Dawa, Viungo na Mitishamba

Mwongozo huu unamhusu muuza duka la dawa, muuza viungo na mitishamba, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Wote watatu huweza kuulizwa swali moja: "Hisopo ipo?" Kabla ya kujibu, jua kwanza mteja anataka hisopo ipi, maana jina hili limebeba vitu vitatu: mmea wa kwenye Biblia, jani kavu la chai, na mafuta makali yanayopatikana kwa kukusanya mvuke wa jani. Cha kwanza ni jambo la ibada. Cha pili ni dawa ya jadi ya kifua. Cha tatu kinaweza kumwangusha mtu mzima mwenye afya yake kwa degedege.

1. Utambue mmea

Hisopo ya waganga wa Ulaya ni Hyssopus officinalis. Ni kichaka cha sentimita 30 hadi 60, chenye majani membamba na maua ya buluu yanayokaribia zambarau, na asili yake ni kusini mwa Ulaya hadi maeneo ya Bahari ya Kaspi. Ni ndugu wa nanaa, mrehani na kivumbasi, na ukilifikicha jani lake utapata harufu kali yenye mguso wa kafuri.

Hisopo ya Biblia, ile ya kunyunyizia damu ya Pasaka katika Kutoka 12 na ya utakaso katika Zaburi 51, kwa maoni ya wataalamu wengi wa mimea ni mmea mwingine: Origanum syriacum, ambao Waarabu huuita zaatari. Hyssopus officinalis si mmea wa asili wa nchi ya Palestina. Wasamaria wa Mlima Gerizimu, ambao hadi leo huchinja wanakondoo wa Pasaka, hutumia huo wa zaatari. Kwa hiyo mteja anayetaka mafuta ya upako kwa sababu ya Zaburi asiuziwe chupa ya mafuta makali kana kwamba ndiyo hisopo ya Daudi.

Soma jina la kitaalamu kwenye pakiti, usitegemee jina la kibiashara. Agastache foeniculum ya Amerika Kaskazini na Bacopa monnieri ya majimaji nazo huitwa hisopo katika lugha za kigeni, ilhali matumizi yake ni tofauti. Gratiola officinalis pia hupewa jina hilo, nayo ni sumu. Pakiti isiyo na jina la kitaalamu irudishwe kwa aliyeileta.

2. Wahenga waliitumiaje

Kazi kuu ya hisopo katika tiba ya jadi ni kifua. Dioscorides, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 1, aliandika juu ya mmea wa jina hili uliochemshwa pamoja na tini na asali kwa ajili ya kikohozi na kubanwa pumzi. Katika tiba ya Kiislamu iliyorithi elimu ya Wagiriki mmea huu huitwa zufa. Ibn Sina aliutaja, na hadi leo matabibu wa tiba hiyo, iitwayo Unani, nchini India na Pakistani wana sharubati ya zufa kwa kikohozi chenye makohozi mazito. Uingereza, Nicholas Culpeper aliuweka katika kitabu chake cha mitishamba cha mwaka 1652.

Matumizi mengine ya jadi ni haya:
- kusukutua koo linalowasha, kwa maji ya majani yaliyopoa;
- kutoa jasho wakati wa mafua na homa ndogo;
- kutuliza tumbo lililojaa gesi baada ya chakula chenye mafuta mengi;
- kukanda michubuko na uvimbe kwa majani yaliyolowekwa maji ya moto.

Chai ya jadi hutengenezwa kwa gramu 1 hadi 2 za majani na maua makavu, yaani kijiko kimoja au viwili vya chai, katika kikombe cha maji yaliyochemka. Hufunikwa dakika 10 hadi 15, kisha huchujwa. Kufunika ni muhimu, kwani harufu inayotoka na mvuke ni sehemu ya dawa yenyewe. Mtu mzima hunywa hadi vikombe vitatu kwa siku, kwa siku chache tu.

3. Sema lililothibitika

Historia ndefu si uthibitisho. Kommission E, kamati ya Ujerumani iliyopitia dawa za mimea, haikuidhinisha hisopo, kwa kuwa ushahidi wa kufaa kwake haukutosha. Kwa hiyo usimwambie mteja kwamba inaponya pumu au nimonia. Unaweza kusema: "Ni chai ya jadi ya kulainisha kikohozi." Usizidishe hapo.

4. Jani si mafuta

Jani kavu lina mafuta ya harufu kidogo sana, kwa kawaida yasiyozidi asilimia 1 ya uzito wake. Chupa ya mafuta makali ni mkusanyiko wa majani mengi mno. Ndani yake mna pinokamfoni na isopinokamfoni, kemikali zinazochokoza ubongo.

Mwaka 1981 watafiti wa Ufaransa walichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa mafuta haya huwatia panya degedege yakizidi takriban miligramu 130 kwa kila kilo ya uzito. Katika taarifa za wagonjwa, mwanamke wa miaka 26 alipata degedege baada ya kumeza matone 10 kwa siku, siku mbili mfululizo. Mtoto wa miaka 6 mwenye pumu alizoeshwa matone mawili matatu. Siku alipozidiwa mama yake alimpa nusu kijiko cha chai, akashikwa na degedege. Mama yule alikuwa akimtibu mwanawe kwa nia njema. Kwa amri ya mwaka 2007, Ufaransa iliyaweka mafuta haya katika orodha ya yale yanayouzwa na wafamasia tu.

Kanuni ya kaunta ni moja: mafuta ya hisopo hayanywewi, hata tone moja ndani ya asali.

5. Wasiopewa kabisa

- Mwenye kifafa, au aliyewahi kupata degedege.
- Mjamzito, kwa kuwa zamani mmea huu ulitumika kuchochea hedhi.
- Anayenyonyesha.
- Mtoto mdogo, hasa mwenye homa. Homa peke yake yaweza kumletea degedege. Usimwongezee sababu ya pili.

Chai ikitiwa asali, kumbuka kuwa mtoto wa chini ya mwaka 1 hapewi asali.

6. Maswali manne kabla ya kupokea pesa

- Unataka jani au mafuta?
- Ni ya nani, na ana umri gani?
- Ana kifafa, mimba, au dawa anazotumia?
- Kikohozi kina muda gani?

Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, makohozi yenye damu, kupungua uzito au jasho la usiku: mpeleke akapimwe kifua kikuu. Pumzi ikibana, ni hospitali siku hiyohiyo. Chai isiwe sababu ya mtu kuchelewa.

Tanzania, tiba asili husimamiwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 2002, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Anayetaka kufungasha hisopo na kuiuza kama dawa aanzie huko.

7. Mtu akimeza mafuta

Usimtapishe. Akipata degedege, mlaze ubavu, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, wala usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Angalia saa. Mwahishe hospitali hata akizinduka, na chupa iende naye: daktari atataka kujua kilichomezwa, na lebo itamjibu haraka kuliko wewe.