Nati za Magurudumu: Alumini au Chuma cha Pua?

Watu wanapozungumza juu ya magari ya mbio husifu injini, na wakiisha kusifu injini humsifu dereva. Nati za magurudumu hazisifiwi na mtu. Lakini gari lenye nguvu za farasi 300, liwe na uzuri gani, magurudumu yake manne yameshikwa na nati 20 tu, na nyingine 16.

Hapa Kiabakari, kando ya barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma, nimeona vijana wenye Subaru na Toyota za mbio wakizitamani nati za alumini za rangi nyekundu, buluu na zambarau. Kaka yangu ni mmoja wao. Gari lake ndilo linalompeleka mama kliniki Musoma, basi nikaona yafaa jambo hili lipimwe kwa hesabu za darasani kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Kwanza tuulize: nati hufanya kazi gani? Wengi hudhani kwamba gurudumu limetundikwa juu ya bolti kama koti juu ya msumari. Sivyo. Nati inapokazwa huivuta bolti, nayo bolti hurefuka kidogo sana, kama mpira uvutwao. Bolti hutaka kurudi katika urefu wake wa kwanza, na kutaka huko ndiko kunakoibana rimu juu ya habu. Msuguano wa rimu na habu ndio ubebao gari. Mbano ukilegea, rimu huanza kucheza, bolti zikapindwa huku na huku kila gurudumu linapozunguka, na mwisho wake hukatika. Ndiyo maana gurudumu aghalabu halichomoki ghafula bila dalili: kabla ya hapo huwa limegonga na kutetemeka kwa muda.

Sasa tupige hesabu. Bolti ya unene wa milimita 12 ikikazwa kwa Nyutoni-mita 110 (yaani kama kilo 22 zikikandamiza ncha ya spana ya nusu mita), nguvu ya kubana hupatikana kwa kugawanya 110 kwa unene wa bolti katika mita, kisha kugawanya tena kwa namba ya msuguano, ambayo kwa kawaida huwa karibu 0.2. Jibu ni Nyutoni 45,800 hivi, sawa na uzito wa tani nne na nusu na zaidi, kwa nati moja tu! Lakini tazama namba ile ya msuguano. Meno ya nati yakikwaruzika ikapanda kufika 0.3, mbano hushuka hadi Nyutoni 30,500, na fundi hataona tofauti yo yote, kwa maana mkono wake umetumia nguvu zile zile. Mtu akipaka mafuta kwenye meno, namba ikashuka hadi 0.15, mbano hupanda hadi 61,000, na bolti huvutwa kuliko ilivyokusudiwa. Kati ya sehemu kumi za nguvu tunazotia kwenye spana, karibu tisa hupotea katika msuguano. Hapa ndipo alumini inapoanza kushindwa, kwa sababu meno yake ni laini na hukwaruzwa na bolti ya chuma cha pua kila ifunguliwapo na kukazwa. Nati mpya ya alumini hubana vema. Iliyokwisha funguliwa mara thelathini ni kitu kingine.

Wauzaji husifu wepesi, na ni kweli. Tuseme nati ina ujazo wa sentimita 6 za ujazo. Ya chuma cha pua itakuwa na uzito wa gramu 47, na ya alumini gramu 17 tu. Kwa nati 20 utapunguza gramu 600, kama mfuko wa sukari uliotumiwa kidogo. Gari lenyewe lina kilo 1,200. Gramu 600 ni sehemu moja katika 2,000.

Muuzaji mwerevu atajibu kwamba uzito uzungukao ni mbaya kuliko uzito uliotulia. Hilo nalo ni kweli, lakini inategemea uzunguke wapi. Nati zimekaa sentimita 5.7 tu kutoka katikati, na ukingo wa tairi uko kama sentimita 30. Ukigawanya 5.7 kwa 30, kisha ukazidisha jibu kwa lenyewe, unapata 0.036. Kwa hiyo faida ya ziada itokanayo na kuzunguka, juu ya zile gramu 600, ni gramu 22 hivi. Anayetaka wepesi wa kweli na anunue tairi na rimu nyepesi, kwa sababu uzito wa vitu hivyo uko mbali na katikati. Au aoshe gari: udongo mweusi wa mbuga ukishikamana ndani ya rimu wakati wa masika unazidi mara nyingi uzito wa nati zote.

Jambo la pili ni joto. Nati nzuri za alumini hutengenezwa kwa mchanganyiko uitwao 7075, wenye zinki, magnesi na shaba. Ni madini yenye nguvu sana, hata kuliko chuma laini cha kawaida, na asiyejua hilo huidharau alumini bure. Lakini nguvu hizo hupatikana kwa kuioka katika joto la nyuzi 120 kwa muda wa saa 24. Joto likizidi hapo kwa muda mrefu, kazi ya tanuri huanza kuharibika na nguvu hupungua. Diski ya breki ya gari la mbio hufika mamia ya nyuzi, na japo joto hupungua likipita kwenye habu, sehemu yake huifikia nati. Chuma cha pua hakisikii joto la namna hiyo. Tena chuma cha pua, kikivutwa na kulegezwa chini ya kiasi fulani, huweza kustahimili karibu bila mwisho. Alumini haina kiasi hicho. Kila mtikisiko huandikwa ndani yake, na barabara zetu zina mitikisiko mingi.

Basi kwa nini wenye magari ya Formula One hutumia nati za alumini? Kwa sababu nati yao ni moja tu, kubwa, katikati ya gurudumu. Hufunguliwa na kufungwa kwa mashine katika sekunde mbili au tatu, na iliyochoka hutupwa. Kuna mtu ambaye kazi yake ni kuikagua. Hata hivyo mambo huharibika. Tarehe 23 Mei 2021, katika mashindano ya Monaco, Valtteri Bottas wa Mercedes alikuwa katika nafasi ya pili aliposimama kubadili magurudumu. Mashine haikukaa sawasawa juu ya nati, ikasaga sehemu zake za kushikia, na gurudumu likakataa kutoka. Mashindano yakaishia pale, na gurudumu lilitolewa siku mbili baadaye kiwandani.

Mfano unaotufaa zaidi ni wa huku kwetu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na katika miaka ile yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda kwa Volvo ambayo haikuwa mpya. Mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, kwa Peugeot 404. Mwaka 1963 yalimaliza magari saba tu, na mwaka 1968 saba tena. Katika njia kama ile, gramu 600 hazikumpa mtu ushindi. Aliyeshinda ni yule ambaye gari lake halikuachwa porini.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: kwa gari liendalo mbio na pia barabarani, chagua chuma cha pua. Alumini na iwe ya siku ya mashindano peke yake, kwa mtu mwenye spana ya kipimo na mwenye subira ya kukagua meno kila mara. Zote mbili zikazwe kwa mkono na kwa kuvuka, si kwa kuzunguka kama saa, kisha zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 au 100.

Rangi isikudanganye, maana hata chuma hupakwa. Peleka sumaku dukani: chuma cha kawaida cha nati kitavutwa, alumini haitavutwa. Ukiwa na mizani na silinda ya kupimia maji, gawanya uzito kwa ujazo. Alumini itakupa 2.8 hivi, na chuma cha pua karibu 7.8.

Mwisho, tazama meno. Toyota nyingi ndogo hutumia bolti ya milimita 12 yenye hatua ya 1.5, na Subaru na Nissan nyingi hatua ya 1.25. Kwa macho hufanana kabisa. Nati ya chuma cha pua isiyo ya bolti hiyo hukwama mapema na kumwonya fundi. Ile ya alumini, ikisukumwa na spana ndefu, hujikata meno yake yenyewe, ikaingia hadi mwisho na kuonekana imekaza.