SOMO LA UFUNDI: KWA NINI MIKRO INANGURUMA?



Mnakumbuka siku ile kwaya ya Kabambare ilipotutembelea hapa Kasongo. Grupu ilipowashwa, bafle zilianza kunguruma "mmmm", hata wamama waliokaa nyuma hawakusikia neno. Sisi wasimamizi tulimkaripia mwenzetu aliyechunga mikro, tukisema ameiharibu. Kumbe mikro ilikuwa nzima. Ubaya ulikuwa katika waya.

Ziko namna mbili za waya wa sauti.

1. Waya wa uzi mmoja. Ndani uzi mmoja unachukua sauti. Wavu wa shaba unaouzunguka ni ngao, tena ni njia ya kurudia. Ndio ule wa vyombo vya muziki vya nyumbani. Ukiwa mfupi, metre 1 ao 2, unatosha kabisa. Lakini umeme wa mikro ni kidogo sana, na waya wetu ulikuwa wa metre 20, umelala pamoja na waya wa grupu. Umeme wa grupu unakwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Ndio ule mngurumo.

2. Waya wa nyuzi mbili. Nyuzi mbili zimesokotwa pamoja ndani ya wavu. Fishi yake ina meno matatu: la 1 ni wavu, la 2 ni sauti, la 3 ni sauti ileile imegeuzwa.

Tufanye hesabu. Sauti iwe 3, makelele 2. Katika uzi mmoja tunapata 3 + 2 = 5; makelele yamebaki. Katika nyuzi mbili, wa kwanza una 3 + 2 = 5, wa pili una -3 + 2 = -1. Ampli inatoa wa pili katika wa kwanza: 5 - (-1) = 6. Sauti imeongezeka, makelele yamekwisha!

Akili hii si mpya. Alexander Graham Bell alipata hati ya nyuzi za simu zilizosokotwa mwaka 1881.

Waya wetu ulikuwa na meno matatu upande wa mikro, lakini upande wa ampli jaki ya uzi mmoja tu. Jumapili iliyofuata tuliweka waya wenye meno matatu pande zote mbili: kimya!

Mashauri: msilaze waya wa mikro pamoja na wa umeme, zikikutana, zipitane kama msalaba. Tena msikate hata siku moja waya wa udongo wa ampli ili kuondoa mngurumo. Umeme unaweza kuua mtu.

Kwa mwenzetu yule tunaomba radhi mbele ya wote. Tulipashwa kupima waya kwanza, kiisha kusema.