SOMO LA MWEZI: NEEMA IKIINGIA MAHALI PA KOSA

Masomo: Matendo 9:1-19, Yakobo 5:13-16, 2 Wakorintho 5:18-20

 

Mwezi huu somo letu limetokana na swali la vijana. Walikusanyika kutazama filamu kwenye kompyuta ya mwenzao, kisha wakatujia na kuuliza: "Mchungaji, tumetazama filamu ambayo padri anauawa ndani ya kanisa. Je, tumetenda dhambi?" Hatukutaka kujibu jambo tusilolijua. Tukaketi pamoja nao, tukaitazama hadi mwisho. Tuliyoyaona ndiyo tunayowaletea.

Filamu yenyewe

Inaitwa Wake Up Dead Man, maana yake "Amka, ewe mfu". Ilitoka mwaka 2025. Ni ya tatu katika visa vya mpelelezi Benoit Blanc, anayechezwa na Daniel Craig. Ya kwanza ilitoka 2019 na ya pili 2022. Aliyeiandika na kuiongoza ni Rian Johnson wa Marekani. Yeye alilelewa katika familia ya Kikristo ya kiinjili, ingawa mwenyewe anasema kwamba leo si mwamini tena. Tunawaonya wazazi: ina damu na matusi, si ya watoto wadogo.

Kisa kinatokea katika parokia ndogo ya Kikatoliki, jimbo la New York. Padri kijana, Jud Duplenticy, zamani alikuwa bondia na aliua mtu ulingoni. Kwa ajili ya damu hiyo alimtafuta Kristo. Anatumwa kumsaidia Monsinyori Jefferson Wicks, mhubiri mkali anayeogopwa. Siku ya Ijumaa Kuu, Wicks anaingia katika kichumba kilicho karibu na madhabahu, na anakutwa amechomwa kisu. Wote wanamtazama Jud, maana walikuwa wamegombana. Ndipo Blanc anakuja, mtu asiyeamini Mungu hata kidogo.

Tumejifunza mambo manne.

1. Mhubiri anayejenga kwa hasira

Wicks ana desturi. Akimwona mgeni kanisani, anahubiri kwa kumlenga yeye na dhambi yake, mpaka mgeni anainuka na kutoka. Wanaobaki wanajiona wao ndio wateule, nao wanashikamana naye zaidi. Kundi linapungua kila Jumapili, lakini linazidi kuwa gumu.

Wapendwa, tusiseme hayo ni ya Marekani. Sisi tuliokimbia vita tunajua namna hasira inavyounganisha watu upesi. Ukitaka watu waseme "Amina" kwa sauti kubwa, wataje tu wale waliotufukuza. Taja kabila lao. Sisi wachungaji tunalijua jaribu hilo, na wengine wetu tumeanguka ndani yake. Lakini siku ile kaka au dada wa kabila hilo anapoingia mlangoni na Biblia mkononi, ataketi wapi? Paulo anatuambia kwamba tumepewa huduma ya upatanisho. Hakusema tumepewa huduma ya kuhesabu maadui. Padri Jud naye anaamini hivyo: Kristo alikuja kuuponya ulimwengu, hakuja kupigana nao.

2. Simu iliyokatiza upelelezi

Hii ndiyo sehemu iliyotugusa kuliko zote. Jud na Blanc wanatafuta habari muhimu. Jud anapiga simu kwa kampuni moja ya ujenzi, na anayepokea ni mwanamke anayeitwa Louise. Anaongea sana, nao wana haraka. Halafu sauti yake inabadilika, anauliza: Padri, unaweza kuniombea? Mama yake yuko karibu kufa, na waliachana kwa ugomvi. Jud anasahau upelelezi. Anaingia chumba kingine, anakaa na mwanamke huyo kwenye simu, anamwombea. Mpelelezi anangoja.

Tuliposikia hayo tulinyamaza, maana tulikumbuka jambo letu wenyewe. Siku moja tulikuwa mbioni kwenda kwenye mkutano wa viongozi kuhusu mgao wa chakula. Mama mmoja alitushika mkono njiani. Alitaka tumwombee mtoto wake aliyepotelea njiani wakati wa kukimbia. Tulimwambia, "Mama, kesho." Kesho yake tulikwenda, tukakuta mlango umefungwa, alikuwa ameondoka. Ule mkutano uliisha bila neno la maana. Mama yule hatujamwona tena. Tunamwombea mtoto wake hadi leo, lakini yeye hajui.

Yakobo anasema aliye katika mateso aombe, na mgonjwa awaite wazee. Ndugu wazee, mtu akituita, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Orodha, mikutano na mihuri vinaweza kungoja dakika kumi.

3. Vidole vinavyomnyoshea mtu

Jud anadhaniwa muuaji kwa sababu ya maisha yake ya zamani na maneno aliyoyasema kwa uchungu. Hapa makaziini, mtoto akifa ghafula au kuku akiibiwa, kabla jua halijazama tumekwisha kupata jina. Mara nyingi ni la mjane mzee asiye na wa kumtetea, au la kijana aliyewahi kukosea. Tusimwite mtu mchawi wala mwizi kwa sababu ya mazungumzo ya kisimani. Anania naye aliogopa alipotumwa kwa Sauli, kwa maana habari za zamani za Sauli zilikuwa za kweli. Hata hivyo alikwenda, akamwita ndugu.

4. Mpelelezi anayenyamaza

Mwishoni Blanc amekwisha kufumbua fumbo. Anasimama kanisani mbele ya watu wote, tayari kumtaja mkosaji, kama afanyavyo siku zote. Nuru ya jua inamwangukia. Naye ananyamaza, anasema hawezi kulifumbua. Anakubali aonekane ameshindwa, ili mkosaji apate nafasi ya kuungama kwa hiari yake. Mwenyewe anaifananisha saa hiyo na njia ya Dameski.

Mkosaji anaungama. Jina hatulitaji, kwa ajili ya wasioitazama. Lakini angalieni: anataja uuaji, na Padri Jud anamsaidia kushuka chini zaidi, hadi kwenye chuki ya miaka mingi. Ilikuwa chuki juu ya mwanamke ambaye kanisa lote lilimwita kahaba, tena watoto walifundishwa kumdharau. Mwanamke huyo aliitwa Grace, yaani Neema. Kanisa lile, lililoitwa Mama Yetu wa Ushujaa wa Daima, linafunguliwa upya kwa jina la Mama Yetu wa Neema ya Daima.

Sisi hatuungami kwa padri kama ndugu zetu Wakatoliki. Lakini Yakobo anatuagiza tuungamane dhambi, na sisi Waprotestanti tumelisahau andiko hilo.

Neno la tahadhari

Mtu asichukue somo hili kuficha uovu. Blanc hakusema kosa si kosa, na kweli yote ilitoka nje. Mama aliyetendewa jeuri ana haki ya kwenda polisi, na kanisa liende pamoja naye. Aliyeona mauaji nyumbani anaweza kushuhudia mahakamani, tena bila chuki. Kusamehe ni kuacha kulipiza kisasi. Hakumfungi mtu kusema uongo.

Basi, vijana wetu, jibu letu ni hili: hatukuona dhambi katika kutazama. Dhambi ingekuwa kutazama kanisa la watu wengine na kulicheka, bila kuuliza kama sisi nasi tunaitwa Neema.

Maswali ya kujadili nyumbani na katika vikundi

1. Mgeni akiingia katika nyumba yetu ya maombi, anaona nini kwanza?
2. Ni nani aliyetuomba maombi tukamwambia "kesho"?
3. Je, kuna jina la mtu au la kabila ambalo watoto wetu wamejifunza kulidharau kutoka vinywani mwetu?

Tuombe: Bwana Yesu, ulimsimamisha Sauli njiani; tusimamishe na sisi. Utupe masikio ya kusikia anayetushika mkono. Utuondolee chuki tuliyobeba kutoka nyumbani, maana ni mzigo mzito kuliko vyombo vyote tulivyokimbia navyo. Amina.