Kielelezo cha Reli ya Mwanza: Somo la Vipimo

Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Upana baina ya pau zake mbili ni mita 1, jambo ambalo humrahisishia kazi mwanafunzi atakaye kuunda kielelezo chake nyumbani: kwa kipimo cha 1:100, upana huo huwa sentimita 1. Mataruma yaweza kukatwa kwa mianzi, na pau kwa waya ulionyooshwa.

Kabla ya kukata ubao wowote, mpango mzima huchorwa. Kilomita 1 ya njia huhitaji mita 10 za sakafu. Hivyo kituo cha Mwanza na gati ya Mwanza Kusini, ambako meli ya MV Umoja hupakia mabehewa, haviwezi kutoshea chumbani bila kufupisha masafa yaliyo kati yake. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 200 nayo hudai nusu kipenyo cha mita 2.

Lakini mwinuko haupungui. Mwinuko wa 1 kwa 50 hubaki 1 kwa 50, kwani masafa na kimo hupunguzwa kwa uwiano ule ule. Njia ipandayo sentimita 6 ili kupita juu ya nyingine huhitaji mita 3. Ikilazimishwa kupanda hivyo katika mita 1, magurudumu ya garimoshi lenye mzigo huweza kuteleza, na mbao zikawa zimekatwa bure.

Zoezi: Reli mpya ya Mwanza hadi Isaka ina upana wa milimita 1,435. Utakuwa milimita ngapi katika kielelezo hiki?